Sura ya Tano: Shuka Namba Kumi na Saba

Sonara alicheka mpaka akavua miwani.

"Afande, hebu rudia. Wamesema mimi nimeyeyusha mashuka?"

Inspekta Bupe Mwaijande hakucheka. Kiti alichopewa alikikataa. Alisimama karibu na mlango wa kibanda, mkono mmoja kwenye mkoba, jicho moja kwenye saa ya ukutani. Huko nje soko la Mwanjelwa lilishaamka na makelele yake yote. Ilikuwa Ijumaa, saa mbili na robo asubuhi. Saa kumi jioni jalada lilitakiwa liwe mezani kwa mkuu wa upelelezi Iringa, na kutoka hapo Mbeya mpaka Iringa si mchezo.

"Wamesema uliuziwa," alijibu. "Mashuka thelathini na tisa ya hospitali. Nyuzi zake zimetiwa madini ya fedha, fedha hiihii unayotengenezea pete. Wanadhani uliyachoma ukatoa madini."

"Hao watu wamesoma?"

"Wamesoma sana."

"Ndiyo maana." Mzee Yohane, huyo sonara, alivaa miwani yake tena. Alikuwa mtu mfupi, vidole vyake vimeungua ungua kwa miaka thelathini ya moto mdogo wa gesi. "Nipe nilione hilo shuka."

Bupe alifungua mkoba akatoa mfuko wa nailoni wenye lebo ya polisi. Ndani mlikuwa na shuka moja jeupe, jeupe kweli, mpaka linaumiza macho. Pembeni lilishonwa namba kwa uzi mwekundu: 23. Sonara alilivuta chini ya taa, akaweka kioo chake jichoni, akasugua upindo kati ya vidole viwili.

"Hii pamba tu."

"Maabara nao wamesema hivyohivyo. Wanasema fedha iliyobaki humo ni kama hakuna."

"Na hata ingekuwepo, wanaitia kidogo mno. Choma mashuka mia, hupati pete ya mtoto mchanga. Gesi peke yake ingenifilisi." Alimrudishia. "Sasa mimi nimeingiaje kwenye jambo lenu?"

"Muuguzi Faustina Sanga amekupigia simu mara tatu tangu mwezi wa tano."

"Faustina wa Iringa? Yule ana pete yake ya ndoa hapa, ya fedha. Dada yake ndiye aliyeileta, imekuwa nyeusi kama chungu. Mwenyewe akawa anapiga kuuliza imetakata au bado." Alivuta droo, akatoa kisanduku cha bati na kukitikisa. Kilijaa pete zilizofubaa, kila moja imefungwa kikaratasi chenye jina. "Si yeye tu. Hawa wote wake za watu. Wanafua kwa klorini na pete ziko vidoleni. Fedha na klorini hazipatani kabisa, afande, klorini inaila. Nawaambia kila siku, vua pete kwanza. Hawasikii. Faustina anasema kazini kwao mikono iko kwenye klorini asubuhi mpaka jioni."

Bupe aliandika yote kwenye daftari, kwa kuwa alikuwa na tabia ya kuandika hata yasiyo na maana. Akashukuru, akatoka.

Koplo Clement alikuwa anamsubiri kwenye gari na vitumbua viwili kwenye gazeti. Huyu alikuwa Mhehe wa Kalenga, mpole, dereva wa kutulia. Kimoja alikuwa amemwekea bosi wake, ingawa alijua atakila amesimama. Bupe hakuwa mtu wa kukaa. Hata mumewe alishazoea kula chakula cha jioni huku mkewe akizunguka meza.

"Vipi, mama?"

"Sonara hana kitu. Twende Igawa."

"Kwa huyo mwenye mtoto?"

"Kwa huyohuyo."

"Katibu wa hospitali alisema ni uongo mtupu. Kwamba hakuna mtu kama huyo."

"Katibu alisema pia mashuka yameyeyushwa Mwanjelwa. Washa gari."

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mwezi wa kwanza, Hospitali ya Mtakatifu Anselmi pale Ihangila, nje ya Iringa, ilipokea mashuka arobaini kutoka kwa wafadhili. Hayakuwa mashuka ya kawaida. Ile fedha iliyo kwenye nyuzi zake huua vijidudu, na yalipelekwa moja kwa moja wodi ya wazazi, upande wa waliojifungua kwa upasuaji. Miezi minne ikapita bila kidonda hata kimoja kuoza. Hospitali nzima ikatembea kifua mbele. Halafu mwezi wa sita vidonda vikaanza kutoa usaha, mama mmoja, wa pili, mpaka wakafika watano. Wa tano alikuwa Lea, mwalimu wa shule ya msingi, na yeye hakupona. Alimwacha mtoto wa siku kumi na mbili.

Daktari alipeleka shuka moja maabara. Majibu yalirudi Jumanne ya wiki hii: hakuna fedha ya maana. Jumatano katibu wa hospitali, Philbert Kiswaga, akafika polisi na barua yenye mhuri. Mashuka halisi yameibwa, ilisema barua, na ya bandia yamewekwa mahali pake. Walipohesabu walipata thelathini na tisa. Mlinzi wa getini akakumbuka kuwa mwezi wa pili alimwona Faustina akitoka na mama mmoja, na kwenye kikapu cha yule mama kulikuwa na shuka la hospitali. Faustina akakamatwa palepale wodini, mbele ya wagonjwa. Alikuwa na mtoto wa miezi saba anayenyonya, na sasa mtoto alikuwa kwa bibi akilia na chupa.

Faustina alikubali shuka moja tu. Alisema, "Nilimpa mama wa Igawa. Uchungu ulimshika kwenye basi akitoka Morogoro, wakamshusha Iringa hana hata kitambaa. Ningemtoa mtoto na baridi ile akiwa uchi?" Hakuna aliyemwamini. Jumatatu angepelekwa mahakamani kwa wizi, na tayari mume wa Lea alikuwa anamwita muuaji.

Barabara ilikuwa na malori mengi. Clement alisubiri kila lori kwa adabu mpaka Bupe akaanza kupiga dashibodi kwa kidole.

"Clement, wewe ni polisi au padri?"

"Mama, kuna kona."

"Kona imeisha tangu saa ile."

Walifika Igawa saa nne na nusu. Kando ya barabara wauza mchele walikuwa wamepanga ndoo zao, kila ndoo na kilima chake cheupe juu. Bupe aliuliza ndoo ya kwanza, akauliza ya pili. Kwenye ya tatu aliketi mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mtoto mgongoni. Aliposikia neno Iringa alisimama kabla hajaulizwa jina.

"Kamwene," Clement alimsalimu taratibu, salamu ya huko kwao.

"Kamwene." Mwanamke aliwatazama viatu. Viatu vya polisi vinajulikana hata visipokuwa na sare. "Ni lile shuka, eeh?"

"Wewe ni Damari?" Bupe aliuliza.

"Ndiyo mimi. Mama, naomba msinifunge. Nesi alinipa kwa huruma. Nilitaka kulirudisha, nauli tu."

"Hakuna anayekufunga. Lipo?"

Damari aliingia kwenye nyumba ya nyuma, akatoka nalo limekunjwa vizuri. Alilitoa kwa aibu.

"Mtanisamehe kwa rangi. Ninafua kweli, nafua kwa sabuni ya mche, naanika juani. Kila nikilianika ndiyo linazidi kuwa hivi. Mama mkwe anasema mimi mchafu."

Shuka lilikuwa la rangi ya maji ya chai iliyokosa majani ya kutosha, na mahali palipokunjwa palikuwa na ukijivu. Bupe alilishika kwenye upindo. Uzi mwekundu, namba 17. Hapohapo akatoa lile jeupe kwenye mfuko, akayalaza mawili juu ya boneti ya gari, namba kwa namba. Alichutama. Alikaa hivyo muda mrefu kwa mtu kama yeye.

"Clement, njoo uone. Uzi huu una mkia?"

"Una kamkia."

"Tazama mwisho wa uzi."

Clement akainama. Mwisho wa namba 17 fundi alikuwa amefunga msalaba mdogo, mdogo kama punje ya mtama. Mwisho wa namba 23 palikuwa na msalaba huohuo, nao umelalia kushoto.

"Aliyeshona ni mmoja," Clement alisema.

"Hili moja limetoka hospitali mwezi wa pili, hakuna wa kubisha, Damari yuko nalo hapa. Hili jeupe wanasema ni la bandia, limewekwa juzi juzi. Sasa huyo mwizi aliyebadilisha mashuka thelathini na tisa alikaa chini akashona namba thelathini na tisa, na misalaba, mkono uleule?"

Clement alifikiri. "Labda mwizi ndiye mshonaji."

"Labda. Kwa hiyo tunakwenda kwa mshonaji." Akamgeukia Damari. "Umewahi kulitia klorini hili?"

"Klorini? Hapana, mama. Ya nini, na mtoto analilalia?"

"Mtoto amewahi kupata vipele? Kidonda chako cha uzazi kiliuma?"

"Kilikauka wiki mbili tu. Mtoto huyu hapa."

Mtoto alikuwa amelala mdomo wazi, shavu limebanwa na mgongo wa mama yake. Bupe alimwandikia Damari stakabadhi ya kielelezo, akamsomea, akamwonyesha pa kusaini. Damari alisaini, lakini macho hayakutoka kwenye shuka.

"Usiku atajifunika nini?"

Baridi ya Julai ya nyanda za juu haina mzaha. Clement alikwenda nyuma ya gari, akarudi na blanketi lake mwenyewe, jekundu lenye mistari, alilokuwa akilitumia kila akilala safari. Akampa. Damari aliinamisha kichwa akapiga goti kidogo.

Walifika Makambako. Bupe alikuwa amefungua daftari kwenye ukurasa wa asubuhi, anausoma na kuusoma tena.

"Mashuka hayajabadilishwa, Clement," alisema mwishowe. "Ni yaleyale. Shuka lililobaki na fedha limekuwa la rangi ya chai, kwa sababu fedha ikipigwa na jua na hewa hufubaa, yule sonara ana sanduku zima la ushahidi. Shuka lililokosa fedha ni jeupe pee. Kitu gani kinafanya nguo nyeupe na kinakula fedha?"

Clement alipunguza mwendo bila kujua. "Klorini."

"Usipunguze. Pita hilo lori."

Safari hii Clement alilipita.

Walishuka Ihangila saa tisa kasoro. Upepo wa Iringa ulikuwa unapeperusha vumbi jekundu uwanjani. Bupe hakwenda ofisini. Alizunguka nyuma ya wodi, akafuata harufu ya sabuni mpaka chumba cha kufulia.

Severina Mhema alikuwa anapiga pasi. Mwanamke wa miaka sitini hivi, kitambaa cheupe kichwani, mikono imechujuka kwa maji ya miaka mingi. Mashuka yalipangwa rafuni ncha kwa ncha, kama yamekatwa kwa rula.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Usiegemee hapo, pana joto."

Bupe alijitambulisha, akamwonyesha upindo wa lile shuka jeupe. "Hii namba kashona nani?"

"Nani mwingine? Mimi." Severina alijibu kama ameulizwa jina la mtoto wake. "Yalipokuja tu nilishona yote arobaini kabla hayajaingia wodini. Ule msalaba nilifundishwa na masista Tosamaganga, nikiwa binti. Unafunga uzi usifumuke, na unamwombea atakayelalia."

"Umewahi kushona namba tena baada ya hapo? Kwenye mashuka mengine?"

"Hapana. Uzi mwekundu wenyewe uliisha namba thelathini na nane, nikaazima wa mwenyekiti wa kwaya. Angalia thelathini na tisa na arobaini, wekundu wake umeiva zaidi."

Clement alikwenda rafuni akakuta namba 40. Wekundu ulikuwa umeiva zaidi. Akaitikia kwa kichwa.

Bupe akatoa lile la Igawa. Severina alilitazama, na uso wake ukalegea.

"Hili ni kumi na saba. Hili lilipotea. Lakini mbona mmeliacha likawa hivi? Yote yalianza hivi, mwanangu. Mwezi wa tatu, wa nne, yakaanza kuwa kama maji ya chai. Nikasugua, wapi. Nikaona aibu. Mwezi wa tano askofu anakuja kwa kipaimara na atapita wodini kubariki wagonjwa. Katibu akapita akaangalia vitanda, akaniambia, Severina, hospitali hii imekuwa ghala la magunia? Nilikosa usingizi."

"Ukafanya nini?"

"Nikayaloweka kwenye klorini. Siku tatu, nageuza, nasuuza, naloweka tena. Yakarudi kama theluji. Askofu aliposimama wodini alisema, mashuka haya yanang'aa, nani anayafua? Wakaniita. Alinishika mkono." Alinyoosha mkono wa kulia kidogo, bila kukusudia. "Tangu hapo kila wiki naweka klorini, yasirudie."

Bupe hakumtazama usoni. Alitazama bomba.

"Hukupewa karatasi ya maelekezo ya kufua?"

"Karatasi za vitu vya wafadhili zinakaa ofisini, kwenye kabati la katibu. Hatushiki sisi. Zikichafuka ni kesi."

"Na wodini yanakaa siku ngapi kitandani?"

"Zamani tulikuwa tunabadilisha kila siku. Haya walisema yanajisafisha yenyewe, basi siku nne."

Siku nne. Bupe aliandika, akachora mstari chini yake mpaka karatasi ikatoboka. "Hiyo klorini iko wapi? Sioni dumu hata moja."

"Yalichukuliwa. Katibu alikuja mwenyewe na mlinzi, wakabeba madumu yote matatu. Akaniambia klorini isiguse tena mashuka yale, na nisimwambie mtu kuwa iliwahi kugusa, wafadhili hawapendi. Nikasema sawa, baba. Nyie ni polisi, siwezi kuwadanganya."

"Lini?"

"Jumanne. Jioni."

"Jumanne una uhakika? Si Jumatano, si Alhamisi?"

"Jumanne tuna mazoezi ya kwaya. Nilichelewa kwa sababu yake, mwenyekiti akanisema mbele za watu. Nakumbuka vizuri sana."

Bupe alifunga daftari. Saa ya mkononi ilisema tisa na dakika ishirini.

Philbert Kiswaga alikuwa na ofisi safi, zulia, picha za wageni ukutani, na nyuma yake kabati la chuma lenye kufuli mbili. Alikuwa mtu wa sauti ya chini na suti iliyomkaa vizuri. Alisimama kuwapokea, akawaonyesha viti. Clement alikaa. Bupe alibaki amesimama.

"Inspekta, poleni na safari. Sonara amekiri?"

"Ana maneno mengi. Nisaidie tarehe kidogo, nifunge jalada. Majibu ya maabara yalifika lini?"

"Jumanne. Saa nane mchana."

"Ukajua hapohapo kuwa mashuka yamebadilishwa?"

"Hapohapo. Nini kingine?"

"Halafu?"

"Nilisikitika sana. Nikaingia kanisani kidogo. Kesho yake asubuhi nikaja kwenu."

"Kati ya saa nane Jumanne na asubuhi ya Jumatano hukwenda popote pengine?"

"Nyumbani."

"Chumba cha kufulia?"

Katibu alirekebisha kalamu mezani. "Napita huko mara kwa mara. Ni kazi yangu."

"Jumanne ulipita ukabeba madumu matatu ya klorini. Ya nini?"

"Nilikuwa napanga stoo."

Bupe alilaza shuka la chai na shuka jeupe juu ya meza, juu ya karatasi zake nadhifu, misalaba miwili ikitazamana. "Hili limetoka Igawa. Damari yupo, mtoto yupo, wote wazima. Aliyelishona na hili lako la bandia ni mama mmoja, na amenieleza mpaka uzi aliuazima kwa nani. Hakuna shuka lililobadilishwa hapa. Sasa nieleze, bwana katibu. Mtu aliyeibiwa mashuka anatafuta mashuka. Wewe ulikwenda kutafuta klorini. Ulishajua."

Upepo ulipiga dirisha. Philbert alitazama mlango, akamtazama Clement, aliyeketi mikono magotini.

"Fungua kabati," Bupe alisema.

"Kuna nyaraka za siri."

"Fungua."

Faili la mashuka lilikuwa la juu kabisa. Ndani, kwenye mfuko safi wa plastiki, mlikuwa na karatasi moja ngumu. Maelekezo yalikuwa kwa Kiswahili, herufi kubwa, na juu yake picha: dumu la klorini limechorwa alama ya X nyekundu juu yake. Chini yake picha ya kitanda na jua: shuka libadilishwe kila siku.

Bupe aliisoma mara mbili. Sauti yake iliposhuka, Clement alinyanyuka kitini, alishamjua.

"Ina picha. Hata mtu asiyejua herufi moja angeelewa. Imekaa humu miezi saba."

"Vitu vya wafadhili hatuachii ovyo, Inspekta. Karatasi zinapotea. Ni utaratibu." Alijifuta midomo. "Jumanne niliposoma majibu nilifungua faili, nikaiona. Mungu ni shahidi, ndiyo mara ya kwanza kuisoma. Wafadhili wanakuja mwezi wa nane. Wangesema hatuwezi kutunza hata shuka. Wanataka kutujengea chumba cha upasuaji. Nilifikiria hospitali nzima."

"Ukamfikiria na Faustina."

"Aliiba. Moja aliiba."

"Alimfunika mtoto. Na wale waliolala kwenye mashuka hayo sasa hivi? Wako wangapi?"

Philbert alitazama zulia.

"Nimeuliza wako wangapi."

"Kumi na mmoja."

"Tangu Jumanne unajua kuwa mashuka yale hayazuii kitu, na umewaacha wanalalia siku nne nne na vidonda vibichi."

"Kuyatoa kungeleta maswali."

Bupe alikuwa na hasira ya kumfanya apige meza, na hakupiga. Alichukua ile karatasi kwa ncha za vidole, akaitia kwenye mfuko wa vielelezo, akaandika saa: tisa na dakika arobaini na moja. "Koplo, msomee haki zake, mpeleke garini. Taarifa ya uongo kwa polisi, tutaanza na hiyo. Hayo mengine mkuu ataamua na madaktari."

Akatoka nje kupiga simu. Mkuu wa upelelezi alimsikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akauliza maswali mawili, akasema Faustina atoke mahabusu sasa hivi. Baada ya dakika kumi simu ilirudi. Ilikuwa sauti ya Faustina, imekauka.

"Afande, wameniambia umefika Igawa. Yule mtoto hajambo?"

"Hajambo. Nenda kamnyonyeshe wa kwako."

Ilibaki kazi moja, na Bupe aliiendea polepole, yeye ambaye hakuwahi kutembea polepole. Severina alikuwa ameshazima pasi. Alikuwa ameona gari, ameona nani ameingizwa ndani yake. Bupe alimweleza yote kwa maneno machache, kwa kuwa maelezo yake yalihitajika yaandikwe, na kwa kuwa angesikia getini kwa watu wengine.

Mama huyo alisikiliza amesimama, mkono juu ya lundo la mashuka.

"Fedha niliitoa mimi," alisema.

"Klorini iliitoa."

"Nani alitia klorini?" Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Yule mwalimu. Lea. Nilimtandikia mwenyewe siku anaingia. Aliniambia, mama, kitanda hiki kinanukia usafi."

"Mama Severina, sijui kilichomuua. Madaktari ndio watasema. Ninachojua mimi ni kwamba karatasi ilikuwepo na hukupewa, na nitakiandika hivyo."

"Andika." Aliitikia kwa kichwa mara nyingi. "Andika, mwanangu."

Halafu aliinuka. Alikwenda kwenye kabati la nyuma, akavuta mashuka ya zamani, yale ya buluu yaliyochakaa ambayo hospitali ilikuwa imeyaacha kwa aibu, akayapakia kwenye toroli. Bupe alitaka kumsaidia kusukuma. Severina akamwondoa mkono.

Wodi ya wazazi ilikuwa na joto na harufu ya maziwa. Wanawake kumi na mmoja walilala juu ya weupe uleule uliomfurahisha askofu. Severina alianza kitanda cha kwanza mlangoni. Hapo alilala msichana mdogo, uzazi wa kwanza, mkono juu ya kidonda.

"Bibi, mbona unatoa mazuri unaleta haya?" msichana aliuliza.

Severina alichomoa pembe ya shuka chini ya godoro. Mikono yake ilijua kazi.

"Niliyafua vibaya, mwanangu," alisema. "Inuka kidogo."